H. G. Wells: Mwalimu Aliyebuni Maadui wa Kutoka Mirihi

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, na kutoka Tabora hadi Ujiji, ilisafirisha shehena zake mabegani mwa wapagazi. Sababu mojawapo ilikuwa mdudu mdogo, mbung'o. Huyu hukaa katika vivuli vya miombo, hunyonya damu, na huwaambukiza ng'ombe na farasi vijidudu vya maradhi ya nagana. Basi mwalimu wa Tabora atakaye kuwafunza watoto kubuni kiumbe wa hatari wa sayari nyingine, kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, anao mfano karibu. Kabla ya kuutumia, na tumtazame mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa ustadi, ambaye naye alikuwa mwalimu.

Herbert George Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba, 1866, katika mji wa Bromley, Uingereza. Baba yake alikuwa na duka dogo lisilo na faida, na mama yake aliwahi kuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1874 alivunjika mguu, na siku za kulala kitandani akazitumia kusoma. Umaskini ulimtoa shuleni, akawekwa kuwa mwanagenzi katika duka la vitambaa, kazi aliyoichukia. Mwaka 1883 aliiacha, akawa mwalimu mwanafunzi huko Midhurst, akisoma huku akifundisha. Mwaka uliofuata alijiunga na chuo cha London kilichoandaa walimu wa sayansi. Huko alifundishwa elimu ya viumbe na Thomas Henry Huxley, mtetezi mashuhuri wa nadharia ya Darwin. Alijifunza kwamba umbo na tabia za kiumbe hazielezeki bila kujua mahali anapoishi na chakula anachokitafuta.

Wells alirudi tena kufundisha, na mwaka 1893 alitoa kitabu cha kiada cha elimu ya viumbe. Mwaka huohuo maradhi yalimwondoa darasani, akategemea kalamu. Januari ya mwaka huohuo, hapa Unyanyembe, majeshi ya Wajerumani yaliivunja ngome ya Mtemi Isike, naye akailipua ghala yake ya baruti. Ulikuwa wakati wa mataifa ya Ulaya kuvamia nchi za wengine. Katika kitabu chake The War of the Worlds, cha mwaka 1898, Wells aliugeuza mambo: aliwafanya Waingereza kuwa ndio wanaovamiwa, akawakumbusha jinsi wenyeji wa Tasmania walivyoangamizwa.

Wavamizi hao watokao Mirihi wanatisha, lakini hawakubuniwa ovyo. Sayari yao inapoa na kukauka, kwa hiyo wanayo sababu ya kuja. Hawana matumbo ya kusaga chakula, basi hujitilia damu ya viumbe wengine. Mvutano wa dunia huwaelemea kwa kuwa ule wa kwao ni mdogo, na ndiyo maana hutembea kwa mashine za miguu mitatu. Mizinga haikuwashinda. Waliuawa na bakteria, ambao katika sayari yao hawakuwako. Hivyo nguvu zao na udhaifu wao vyote vilitoka mahali pamoja, yaani kule walikozaliwa.

Mwaka 1913 Wells alitoa kitabu cha sheria za kupigana vita vya askari wa sanamu sakafuni, akitumaini kwamba watu wangeiona vita ya kweli kuwa ni upumbavu. Mwaka uliofuata vita kuu ilianza, na mwaka 1916 ikafika Tabora. Wells alifariki London tarehe 13 Agosti, 1946. Michezo ya sakafuni iliendelea kukua. Mwaka 1974 ulichapishwa Marekani mchezo wa kwanza ambamo kila mchezaji huigiza mhusika wake. Mwaka 1977 ulifuata Traveller, wa safari za anga, wenye utaratibu wa kubuni wanyama kwa kuangalia nchi wanamoishi na jinsi wapatavyo chakula.

Mwalimu anaweza kuifuata njia hiyo kwa maswali manne. Kiumbe anaishi wapi? Anatafuta nini? Anadhuru kwa njia gani? Kitu gani humzuia? Wanafunzi wayajibu kwanza kuhusu mbung'o: vivulini, damu, vijidudu, kufyekwa kwa vichaka na kuzaa mtoto mmoja tu kwa wakati. Ndipo kila kikundi kibuni kiumbe wa sayari yake, na kikundi kingine kiigize msafara unaopita huko na kuutafuta udhaifu wake. Kiumbe asiye na udhaifu hukatisha mchezo, kwa maana wasafiri hawana la kugundua.

Mtoto akijibu kwamba kiumbe wake ni mbaya tu, mwalimu amrudishe kwenye swali la pili. Jambo hili si dogo. Katika mikoa yetu ya magharibi vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo hutokana na moshi wa kuni wa miaka mingi. Waliowaua waliona kitu cha kuogofya, wala hawakuuliza kimesababishwa na nini. Mtoto aliyezoea kuuliza hivyo kuhusu kiumbe wa Mirihi atakuwa amejifunza kuuliza vivyo hivyo kuhusu jirani yake.