Li Xuzhong

Li Xuzhong (takriban 762 - 813) alikuwa afisa wa serikali na mnajimu wa China wakati wa nasaba ya Tang. Anakumbukwa kwa njia yake ya kutabiri maisha ya mtu kutokana na tarehe ya kuzaliwa.

Alifaulu mtihani wa kifalme, akapanda hadi cheo cha mkaguzi wa ikulu. Habari zake nyingi zimo katika maandishi ya kaburi yaliyotungwa na Han Yu, anayedai kwamba katika utabiri mia hakukosea hata mmoja au miwili. Lakini ni nani asiyesifiwa kaburini?

Katika kalenda ya China mwaka, mwezi na siku hupewa alama mbili kila kimoja: "shina" kati ya 10 na "tawi" kati ya 12. Kila alama ina elementi yake: mti, moto, udongo, metali au maji. Maji hulisha mti, ila huzima moto. Li alipima ipi ina nguvu na ipi imedhoofika, akakadiria umri na cheo cha mtu. Saa ya kuzaliwa iliongezwa baadaye. Nyongeza hiyo inahusishwa na Xu Ziping.

Kitabu chenye jina lake kipo, ingawa wataalamu wengi hawaamini kwamba alikiandika yeye.

Mwenyewe alipata kutoka Sichuan dawa ya siri ya zebaki, akaila akitumaini kutokufa. Alifariki mwaka 813 kwa jipu la mgongoni, akiwa na miaka 52 kwa hesabu ya Kichina. Baadaye Han Yu alimtaja kati ya watu aliowafahamu waliouawa na dawa za namna hiyo.