ROBERT HOOKE, MTU ALIYEONA KUTA (1635–1703)



Sisi wa Biolojia-Kemia tulikuwa na mabishano makali darasani. Mwalimu aliandika ubaoni kwamba Robert Hooke ndiye mtu wa kwanza aliyevumbua selule, mwaka wa 1665. Mwenzetu mmoja akasimama akasema hapana. Hooke aliona kuta tupu za kitu kilichokufa, basi. Mtu akiona nyumba isiyo na watu, namna gani atasema ameona wenyeji? Wengine wakapiga meza, wengine wakamtetea Hooke. Mwalimu hakukata neno. Alitutuma tufuate maisha ya mtu yule, kiisha tuandike hapa tuliyoyaona. Ndiyo haya.

Hooke alizaliwa tarehe 18 Julai 1635 katika kijiji cha Freshwater, kisiwa cha Wight, kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa mchungaji msaidizi wa kanisa la pale. Mtoto alikuwa mgonjwa-mgonjwa. Kichwa kilimuuma sana, hata baba akaacha mpango wa kumtayarisha kwa kazi ya kanisa, akamwacha acheze. Lakini michezo yake haikuwa ya bure. Siku moja aliona saa ya shaba imefunguliwa. Akatazama vyuma vyake, akaenda kutengeneza saa ya mbao, nayo ikatembea.

Mwaka wa 1648 baba alikufa. Robert alikuwa na miaka 13, na urithi wake ulikuwa karibu pauni 40 tu. Akaenda London kujifunza kazi ya kuchora kwa fundi mkubwa Peter Lely, lakini harufu ya rangi ikamzidishia kichwa, akaacha. Akapata nafasi katika shule ya Westminster. Mkuu wake, Richard Busby, alimpokea nyumbani mwake. Pale alisoma Kilatini, Kigiriki na hesabu. Walisimulia kwamba vitabu sita vya kwanza vya Euclid alivimaliza kwa juma moja. Wakati ule mgongo wake ulianza kupinda, akabaki hivi maisha yote.

Mwaka wa 1653 alifika chuo kikuu cha Oxford. Feza hakuwa nayo. Aliimba katika kwaya ya chuo, tena alitumikia mwanafunzi tajiri ili apate kusoma. Ndugu zetu wanaouza makala au kulima mashamba ya watu juu ya minervale wataelewa mambo hayo vizuri. Huko Robert Boyle, bwana mwenye mali na akili, aliona mikono ya kijana huyu, akamchukua kuwa msaidizi. Hooke akamtengenezea pompu ya hewa ambayo Boyle alipatia sifa kubwa.

Mwaka wa 1662 wataalamu wa Royal Society kule London walimweka awe msimamizi wa majaribio. Kila walipokutana, alipaswa kuwaonyesha majaribio matatu au manne. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na kazi ya namna ile. Wenzake wengi walikuwa mabwana wenye mashamba. Yeye alikuwa mtu wa mshahara, na mshahara wenyewe ulichelewa. Tajiri John Cutler alimwahidi pauni 50 kwa mwaka, kiisha hakulipa. Hooke alishinda kesi ile mwaka wa 1696 tu, alipokuwa mzee.

Sasa tufike kwenye jambo letu. Hooke alikuwa na mikroskopi, mrija wenye vioo. Nuru ilikuwa haba, basi aliwasha taa ya mafuta, akaweka mbele yake tufe la kioo lenye maji ili likusanye mwangaza. Alitazama kiroboto, chawa, jicho la nzi, ncha ya sindano, ukungu wa ngozi. Alichora yote kwa mkono wake, maana siku zile kwa Lely hazikupotea. Kitabu chake, Micrographia, kilitoka mwaka wa 1665. Samuel Pepys, mkubwa mmoja wa serikali, alikaa akikisoma mpaka saa nane za usiku.

Katika kitabu kile kuna ukurasa juu ya kizibo cha chupa, kile chepesi kinachokatwa katika ganda la mwaloni wa Hispania na Ureno. Hooke alikuwa na maulizo ya kawaida kabisa: juu ya nini kitu hiki ni chepesi hivi? Juu ya nini hakinywi maji? Juu ya nini ukikiminya kinarudi? Alinoa kisu kama wembe, akakata kipande chembamba sana, akakiweka juu ya sahani nyeusi kwa kuwa kizibo ni cheupe, akaelekeza nuru. Kumbe kimejaa matundu kama sega la asali, na kila tundu lina kuta zake. Akayaita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya chumba kidogo. Ni lile lile ambalo Wafaransa wanasema cellule, na sisi tunasema selule.

Hakutazama tu, alihesabu. Katika urefu wa inchi moja, maana yake sentimita mbili na nusu hivi, alipata vyumba zaidi ya 1000. Katika inchi moja ya mraba, zaidi ya milioni. Katika inchi moja ya pande tatu, zaidi ya miliari moja. Maulizo yake yote matatu yakapata jibu moja: kizibo ni hewa nyingi iliyofungwa ndani ya kuta nyembamba.

Mpaka hapa mwenzetu ana haki. Kizibo ni kitu kilichokufa. Wenyeji wamekwisha kutoka, kuta zimebaki.

Lakini Hooke hakusimama hapo. Alikata pia karoti, ferni, matete, na kiini cheupe cha ndani ya vijiti. Katika mimea mibichi aliona vyumba vimejaa maji ya mmea. Ndipo alipojiuliza jambo ambalo sisi hatukulifikiri darasani: kama kila chumba kina ukuta pande zote, maji yanapita wapi? Alitafuta milango. Alitafuta kwa mikroskopi, alijaribu hata kwa kupuliza kwa pumzi yake. Hakuona mlango hata mmoja. Akaandika kwamba hakuuona, lakini tena akaandika kwamba kukosa kuuona si ushuhuda wa kwamba haupo.

Milango ile ipo. Eduard Tangl aliiona mwaka wa 1879, zaidi ya miaka 200 baadaye. Ni mifereji inayotoboa ukuta kutoka selule hata selule, na upana wake ni makumi machache ya nanometa. Nanometa moja ni sehemu moja ya milioni ya milimeta. Vioo vya Hooke havikuweza kabisa kuonyesha kitu kidogo namna hii.

Mambo mengine ya maisha yake tutayapitisha upesi. Mwaka wa 1666 moto mkubwa uliteketeza nyumba zaidi ya 13 000 za London. Hooke alitembea katika majivu akipima viwanja vya watu, akajenga pamoja na rafiki yake Christopher Wren. Mwaka wa 1678 alieleza sheria ya ressort tunayoisoma katika fizika: ukivuta mara mbili, inaongezeka urefu mara mbili. Lakini miaka miwili mbele yake alikuwa ameificha sheria hiyo katika herufi zilizochanganywa, ili mtu asimwibie. Ni vile alivyokuwa. Alidai mambo mengi kuwa yake, aligombana na wengi. Mwaka wa 1686 alisema Isaac Newton amechukua wazo lake juu ya nguvu zinazovuta sayari. Newton alikasirika, hakumpa heshima aliyoitaka.

Hooke alikufa tarehe 3 Machi 1703 katika chumba chake. Alikuwa akiishi kama maskini, lakini sandukuni walikuta maelfu ya pauni. Mwaka ule ule Newton akawa mkuu wa Royal Society. Leo hakuna picha hata moja ya Hooke iliyohakikishwa kuwa ni yake. Wengine wanasema Newton aliipoteza, lakini ushuhuda hakuna. Mifupa yake iliondolewa kanisani alikozikwa, wala hakuna ajuaye ilipo. Mtu aliyechora hata miguu ya kiroboto amekosa sura.

Na zile kuta? Kwa muda mrefu wataalamu waliziacha kama maganda. Walitafuta kilicho ndani, na walifanya vizuri. Lakini mwaka wa 1838 Mfaransa Anselme Payen alitoa katika mbao kitu kimoja kilicho sawasawa katika mimea mingi. Kikaitwa selulozi, jina linalotoka katika vyumba vile vile vya Hooke. Leo tunajua kwamba ukuta wa selule unafanana kidogo na nyumba zetu za miti na udongo. Nyuzi za selulozi ni miti, hemiselulozi ni kamba, pektini ni udongo. Katika mbao inaongezeka lignini inayokaza yote. Lakini ukuta huu si kama wa nyumba, maana unanyooka na kukua. Maji ndani ya selule yanausukuma kwa nguvu ambayo mara nyingi inapita ile ya hewa katika gurudumu la motokari. Ukuta unavutika bila kupasuka, na mmea unasimama. Majani yakikosa maji, yanalegea. Yule aliyechunguza ressort na yule aliyechunguza kuta alikuwa mtu mmoja!

Tena mafundi wa ukuta wamejulikana. Mwaka wa 1996 wachunguzi walipata katika pamba jeni zinazoongoza kutengeneza selulozi. Mwaka wa 1998 jeni ya namna hii ilipatikana katika mmea mdogo Arabidopsis. Ikiharibika, mizizi inavimba kukiwa joto, kwa sababu kuta ni zaifu. Mwaka wa 2006 waliunganisha fundi huyo, ambaye ni protini, na protini nyingine inayong'aa, wakamtazama kwa mikroskopi katika selule nzima iliyo hai. Walimwona akitembea kwa mstari, akiacha uzi wa selulozi nyuma yake. Ukuta si kaburi la selule. Selule inaujenga na kuubadilisha kila siku ya maisha yake.

Basi tumekata neno gani? Mwenzetu hakushindwa: Hooke hakuona uhai wa selule, wala hakujua kwamba kila kiumbe kimejengwa nazo. Wengine walisema hivyo karibu na mwaka wa 1838. Lakini na sisi tuliomtetea hatukushindwa. Aliona ukuta sawasawa, akauhesabu, akaandika wazi kile asichokiona. Darasani tumekubaliana kuandika hivi katika kaye zetu: Hooke, 1665, kuta za selule. Mwalimu amekubali.

Labo yetu ina mikroskopi moja tu, hilo mnalijua. Lakini kata kijiti cha muhogo, toa kile kiini cheupe chepesi cha katikati, kikate kwa wembe mpya kiwe chembamba kama karatasi ya sigara, na angalia vidole vyako. Weka katika tone la maji. Siku ya kazi za mikono tutakuwa labo, na kila mmoja atatazama kwa zamu.