Allidina Visram: kijana wa ghala aliyejaza rafu za Afrika Mashariki

Kama umewahi kufanya kibarua cha supamaketi, kazi hii unaijua. Mteja anachukua pakiti ya mwisho ya unga, rafu inabaki wazi, na bosi anakutazama wewe. Unakimbia stoo, unarudi na katoni begani, unapanga. Mzigo wa zamani mbele, mpya nyuma. Jioni rafu imejaa, kesho mchana iko wazi tena. Hakuna anayekupigia makofi, na mtaani ukiulizwa unafanya kazi gani, unajibu kwa sauti ya chini.

Leo nataka nikupe sababu ya kuipandisha hiyo sauti. Mmoja wa matajiri wakubwa waliowahi kufanya biashara katika pwani hii aliifundwa kazi yake ghalani. Lakini kabla sijakupeleka kwake, twende kwanza Lamu, maana huko ndiko utakakoona uzito wa kazi yenyewe.

Mji wa Kale wa Lamu una vichochoro ambavyo lori haliwezi hata kuota kupita. Kilo ya sukari unayoinunua pale Njia Kuu imetoka Mombasa kwa barabara, ikapita Malindi, Garsen na Witu, ikashushwa Mokowe, ikapakiwa mashuani, ikavuka maji, ikapokelewa na wachukuzi gatini, kisha ikapandishwa juu ya punda hadi mlangoni mwa duka. Kama duka lako liko Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, ongeza safari nyingine ya chombo, na mlango wa Mkanda nao kwa miaka mingi haukupitika mpaka maji yajae. Mwishoni mwa 2023 mvua zilipozidi na Mto Tana ukafurika, barabara ya Garsen kuja Lamu ilifunikwa na maji na magari yakakwama. Siku kama hizo, mwenye duka asiyejua stoo yake ina magunia mangapi ya mchele hana la kumwambia jirani aliyekuja na kikapu.

Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi. Upepo ndio uliopanga rafu. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ilileta majahazi ya Uarabuni na India yakiwa na tende, nguo, mazulia na vyombo. Kusi ikivuma, yalirudi kwao na boriti za mikoko. Ukikosea kuagiza msimu huu, unangoja mwaka mzima. Kwa hiyo mfanyabiashara wa Lamu, Mombasa, Zanzibar au Bagamoyo alihitaji kujua leo kitu ambacho mteja wake angekitaka miezi mingi baadaye.

Ni katika pwani hiyo, wakati Lamu na Bagamoyo zote zikiwa chini ya Sultani wa Zanzibar, ndipo alipotua Allidina Visram.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19 huko Kera, katika eneo la Kutch, magharibi mwa India, kwenye jamii ya Makhoja Waismailia. Kutch ni nchi kavu, na vijana wengi wa huko walikuwa wakipanda majahazi kuja kutafuta riziki upande wetu. Allidina naye alivuka bahari angali mdogo. Hakuja na mtaji. Alichokuja nacho ni mikono miwili na watu wa jamii yake waliokuwa wametangulia.

Bagamoyo ndiyo iliyokuwa mlango wa bara. Mfanyabiashara mmoja, Sewa Haji Paroo, alikuwa na jina kubwa pale. Mzungu akitaka kwenda maziwa makuu, awe mpelelezi, mmisionari au mwindaji, alikwenda kwake kupata wapagazi na mizigo ya safari. Chini ya huyo Sewa Haji ndipo Allidina alipojifunza kazi.

Kazi yenyewe usiidharau. Huko bara sarafu haikuwa na maana. Bidhaa ndizo zilizokuwa pesa. Msafara ulibeba merikani, ile nguo nyeupe ngumu iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Ulibeba kaniki, ushanga na waya wa shaba. Tatizo ni kwamba kila mahali palikuwa na mapenzi yake. Ushanga mwekundu ulionunua mbuzi kijiji hiki, kijiji cha mbele haununui hata yai. Henry Morton Stanley alipojiandaa mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, ilibidi akae na wafanyabiashara wazoefu wa Zanzibar wamfundishe abebe nini na kiasi gani. Hakuna kitabu kilichokuwa kimemweleza.

Sasa piga hesabu. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ni miezi ya kutembea kwa miguu. Ukikosea rangi ya ushanga ghalani, huwezi kurudi kubadilisha. Kwa hiyo mtu wa ghala, aliyekaa pwani akifunga marobota, alikuwa anajaza rafu iliyo miezi mitatu mbele yake, rafu ambayo pengine hatawahi kuiona kwa macho. Ilimpasa amsikilize kila anayerudi kutoka bara: nini kimekwisha, nini kimekataliwa, nini kimeharibiwa na mvua au mchwa. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Allidina, na haikuwa na cheti.

Sewa Haji alifariki mwaka 1897. Mali aliyoiacha ilisaidia hospitali Dar es Salaam, ile ambayo ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo. Biashara ya misafara ikaangukia mikononi mwa Allidina, naye akaipanua kuelekea bara hadi akafika Uganda.

Hapo ndipo palipokuja mtihani. Mwaka 1896 Waingereza walikuwa wameanza kutandika reli kutoka Mombasa. Kwa mtu anayeishi kwa misafara, reli ni msiba. Gari moshi moja linabeba mzigo wa wapagazi mamia, tena kwa siku chache. Mwingine angelalamika, au angeng'ang'ania njia ya Bagamoyo mpaka mwisho. Allidina alihamishia makao yake makuu Mombasa na kuifuata reli.

Alifungua maduka kwenye vituo kadiri njia ilivyosonga mbele. Vibarua zaidi ya 30,000 walikuwa wameletwa kutoka India kujenga reli hiyo, na watu hao walihitaji unga, mchele, dengu na samli kila siku, katika nyika ambako hakukuwa na soko. Reli ilipofika ufukoni mwa Ziwa Victoria mwaka 1901, karibu kilomita 940 kutoka baharini, alikuwa tayari ana mtandao wa maduka nyuma yake. Mbele, upande wa pili wa ziwa, kulikuwa na Uganda, ambako jina lake lilishajulikana.

Hebu tazama mpangilio wake, kwa sababu hapa ndipo pana akili. Mombasa ilikuwa stoo kubwa. Miji ya reli na ya kando ya ziwa ikawa na stoo ndogo. Nyuma ya hizo kulikuwa na maduka ya vijijini, chumba kimoja cha mabati, mwenye duka analala nyuma ya kaunta. Mwenye duka huyo mara nyingi hakuwa na pesa. Alipewa mzigo kwa mkopo, auze, alipe, apewe mwingine. Wengi walioanza kwa kumfanyia kazi Allidina waliishia kufungua maduka yao wenyewe kwa mkopo wa namna hiyo.

Na chombo kilichopeleka nguo, chumvi na sabuni hakikurudi kitupu. Kilirudi na ngozi, ufuta, karanga, nta, pembe za ndovu, na baadaye pamba ya wakulima wa Uganda. Duka lilikuwa linauza mbele na kununua nyuma. Rafu inajaa huku, ghala la Mombasa linajaa kule, kwa safari ileile moja. Pamba iliposhika kasi, akaingia kwenye viwanda vya kuichambua. Kufikia miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikuwa ameajiri mamia ya watu, na mtu aliyesafiri kutoka Mombasa hadi Kampala alikuwa akikutana na jina lake njia nzima.

Usiniambie kwamba ni bahati. Lakini pia usiniambie kwamba aliyafanya peke yake. Kabla ya reli, kila robota lilipita juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi wengi waliugua njiani na wengine hawakurudi, na majina yao hayajaandikwa kwenye jengo lolote. Pembe zilizojaza maghala ziliondoa ndovu katika nchi nzima nzima. Mkulima aliyeleta pamba hakuwa yeye aliyepanga bei. Ukimsifu tajiri wa zamani, wasifu na waliobeba. Hata leo pale gatini Lamu, kabla ya mwenye duka hajasema amepokea mzigo, kuna kijana aliyeingia majini hadi magotini kuushusha.

Vita vilipoanza 1914, Afrika Mashariki iligawanyika. Bagamoyo na Dar es Salaam zilikuwa za Wajerumani, Mombasa na Kampala za Waingereza. Biashara iliyokuwa imetanda pande zote mbili ikakatwa katikati. Allidina alifariki mwaka 1916, kabla vita havijaisha.

Mwanawe, Abdulrasul, alirithi mali na madeni. Ndiye aliyejenga shule ya Mombasa kwa kumbukumbu ya babake, na ilifunguliwa mwaka 1923. Kama wewe ni wa Mombasa huenda umesoma pale, au umecheza mpira dhidi ya wenzako wa pale: ni Allidina Visram High School. Shule ipo hadi leo. Biashara yenyewe haikudumu. Bei ya pamba iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, mwana naye akafa, na mtandao uliochukua nusu karne kujengwa ukafumuka kwa miaka michache.

Kwa nini? Vita na bei ya pamba vina lawama yao. Lakini mimi naona jambo jingine. Mkopo ule wote, kutoka Mombasa hadi duka la mwisho kijijini, ulisimama juu ya mtu mmoja aliyeaminika. Mwenye duka alimjua Allidina, na Allidina alijua nani analipa polepole lakini hulipa, na nani anafunga duka usiku na kutoweka. Ujuzi wa namna hiyo ni mali kuliko bidhaa zenyewe, na mwenyewe alipozikwa, sehemu kubwa ya ujuzi huo ilizikwa naye. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari likiwepo, kama anayelielewa ni mmoja tu, mali iko hatarini.

Basi wewe unayejaza rafu, iwe ni Nairobi, Mombasa au Lamu, usihesabu katoni tu. Jua kitu gani kinakwisha Ijumaa na kipi kinakaa mwezi mzima kikipata vumbi. Jua mzigo ukiagizwa leo unafika lini, na ukichelewa nini kitakosekana kwanza. Wasikilize wateja wanaoondoka mikono mitupu, maana hao ndio wanaokuambia kilichopaswa kuwapo stoo na hakikuwapo. Allidina hakuwa na kompyuta. Alikuwa na masikio.

Kisha fanya lile ambalo wengi hawalifanyi. Yaandike unayoyajua, na umfundishe mwenzako wa zamu. Najua kuna hofu hapo. Unajiwazia: nikimfundisha, si atanichukulia kazi? Hofu hiyo ina msingi, sikatai, hasa kwa kibarua asiye na mkataba. Lakini fikiria duka lako mwenyewe litakalokuja, hata kama leo ni ndoto tu ya kioski chenye rafu nne. Siku ukiugua, au barabara ikikatika ukiwa upande wa pili wa maji, je, atakayebaki dukani ataweza kuingia stoo, akajua kilichopo, nani anadaiwa, na nini cha kuagiza? Kama jibu ni hapana, anza kumfundisha kesho asubuhi, kabla hujafungua mlango.