Robert-Houdin, Fundi wa Saa na wa Viini Macho

Mafundi wa viini macho wa Ulaya na Marekani hukutana kila mwaka kuonyeshana kazi zao, na wengi humhesabu Robert-Houdin kuwa baba yao. Alizaliwa Blois, Ufaransa, mwaka 1805. Baba yake alitengeneza saa, naye akaifuata kazi ile ile. Mwaka 1845 akafungua ukumbi wake Paris.

Basi mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ikamtuma Aljeria, awaonyeshe wakuu wa Waarabu kwamba Wafaransa wanawapita watu wao wa miujiza. Alileta kasha dogo. Mwanamume mmoja wa nguvu akaliinua bila taabu. Akaambiwa ajaribu tena: akavuta, akavuta, wapi! Kasha halikutikisika. Chini kulikuwa na sumaku ya umeme, ni hiyo tu.

Kwa kweli, sisi hapo hatumsifu. Kumtisha mtu kwa elimu uliyomficha si vizuri, hata kama baadaye wakalimani walieleza kwamba haukuwa uchawi. Alikufa mwaka 1871.

Na sisi hapa Uvira, mtu akifanya kiinimacho sokoni, si tunakimbia? Wadogo zetu, Jumamosi njooni darasani kwetu. Tuna msumari, waya na mawe ya redio. Sumaku ile tutaiwasha mbele yenu wote, halafu tutaizima.