Nigel Leakey: Shujaa wa Keya asiye na kaburi

MSAFIRI anayetoka katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Karen kwa Barabara ya Ngong hupita, pengine bila kujua, kando ya makaburi ya watu karibu 2,000 waliokufa katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia.

Makaburi hayo yalifunguliwa na wakuu wa jeshi mwaka 1941 na hutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Humo ndani pia mna Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ulioandikwa majina ya wanajeshi wasiokuwa na kaburi linalojulikana.

Mmoja wao ni Sajini Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kiganjo, aliyeuawa nchini Ethiopia Mei 19, 1941 akiwa na umri wa miaka 28. Uingereza ilimtunuku nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa vitani, Victoria Cross. Mwili wake haukupatikana, na jamaa zake hawakupata kaburi la kuzuru.

Leakey alizaliwa Januari 1, 1913. Baba yake, Gray Leakey, alikuwa mkulima mlowezi katika eneo la Nyeri na binamu wa Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa chimbuko la binadamu. Gray alikizungumza Kikuyu kwa ufasaha, na majirani zake walimpa jina la Murungaru, yaani mtu mrefu aliyenyooka.

Mama yao, Elizabeth, alifariki dunia watoto wangali wadogo. Nigel alipelekwa Uingereza kusoma katika shule ya Bromsgrove, kisha akarejea Kenya. Ndugu yake, Rea, alichagua kazi ya jeshi na baadaye akafikia cheo cha meja jenerali. Dada yao aliitwa Agnes.

Juni 10, 1940, Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. Kwa Kenya, adui hakuwa tena ng'ambo ya bahari. Waitaliano walikuwa wakiitawala Ethiopia pamoja na sehemu kubwa ya Somalia, na mwezi uliofuata waliuteka mji wa Moyale mpakani.

Leakey alitumikia King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi walilifupisha wakaliita Keya. Alikuwa sajini katika Batalioni ya Kwanza ya kikosi cha Sita. Kikosi hicho kiliandikisha askari wake hasa kutoka Tanganyika, na baada ya uhuru wa nchi hiyo mwaka 1961 ndicho kilichozaa jeshi la Tanganyika Rifles.

Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi yaliyokusanyika Kenya yalivuka mpaka. Mogadishu ulitekwa mwezi Februari, Addis Ababa Aprili 6, na Mfalme Haile Selassie akarejea katika mji wake mkuu Mei 5. Hata hivyo, vita havikuwa vimekwisha. Maelfu ya wanajeshi wa Italia walikuwa wangali wamejichimbia katika nchi ya maziwa, kusini mwa Addis Ababa, na mvua ilikuwa imeanza.

Mei 19, kompania mbili za batalioni ya Leakey ziliuvuka Mto Bilate mahali palipoitwa Colito. Ziliwashtukiza Waitaliano na kushika ukingo wa pili, lakini hazikuwa na silaha nzito. Ghafla vifaru vya adui vilichomoza vichakani, nyuma ya askari hao.

Leakey alikuwa akiwasaidia wenzake kwa mzinga mdogo wa makombora, na makombora yake yalikuwa yamekwisha. Alikimbilia kifaru kimoja, akakirukia, akaung'oa wazi mlango wake wa juu na kuwapiga risasi waliokuwamo kwa bastola yake. Alimbakiza dereva peke yake, akamlazimisha kukiendesha hadi mahali pa kujificha.

Alijaribu kuutumia mzinga wa kifaru hicho, lakini haukufyatuka. Hapo ndipo aliposhuka na kuwaendea wengine kwa miguu, huku uwanja mzima ukifagiliwa kwa risasi na makombora. Alifuatana na sajini meja Mwafrika na askari mwingine Mwafrika.

Vifaru viwili viliwapita. Leakey alikirukia cha tatu, akaufungua mlango na kumuua mmoja wa waliokuwa ndani. Kifaru cha nne kilimmiminia risasi, akaanguka.

Ushujaa wake uliwatia moyo wenzake, nao wakaendelea kupigana mpaka Waitaliano wakashindwa. Katika siku hizo hizo, mtawala mkuu wa Italia katika Afrika Mashariki, Mwanamfalme wa Aosta, alikuwa akisalimu amri kule Amba Alagi, kaskazini mwa Ethiopia. Ngome ya mwisho ya Waitaliano, Gondar, ilianguka Novemba 1941.

Ilichukua zaidi ya miaka minne kwa nishani ya Leakey kutangazwa. Habari hiyo ilichapishwa katika gazeti rasmi la serikali mjini London Novemba 15, 1945, vita vikiwa vimekwisha. Maelezo yake yalisimulia kwa urefu alivyotenda Leakey. Wale Waafrika wawili waliofuatana naye walitajwa kwa cheo na kwa asili yao tu. Majina yao hayakuandikwa.

Hapo ndipo maisha ya Leakey yanapokutana na swali la jamaa nyingi za Afrika Mashariki. Wakenya waliotumikia jeshi katika vita hivyo wanakadiriwa kuwa karibu 98,000. Wengine wengi walitoka Tanganyika, Uganda na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Walipigana Ethiopia, Madagascar na Burma, na si wote waliorejea.

Baadhi hawakufika hata kwenye uwanja wa vita. Februari 12, 1944, meli ya kubeba wanajeshi ya Khedive Ismail, iliyokuwa imeondoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani karibu na visiwa vya Maldives. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wakiwa wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari ndiyo iliyokuwa kaburi lao, na majina yao yamo katika mnara ule ule wa Barabara ya Ngong.

Kwa hiyo wajukuu wanaomtafuta babu aliyekufa katika Vita vya Pili wana mahali pa kuanzia. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita hutafutwa kwa jina, kikosi na tarehe ya kifo, na namba ya jeshi husaidia kumtenganisha mtu na wenzake waliofanana naye majina. Ni vyema kujaribu tahajia kadhaa, kwa kuwa makarani wa jeshi waliandika majina ya askari jinsi walivyoyasikia. Kwa yule aliyerejea nyumbani akafia kijijini, orodha hiyo haitasaidia, kwani ni ya waliofariki tu. Huyo hutafutwa kwa cheti chake cha kuachishwa jeshi, ikiwa bado kimehifadhiwa nyumbani.

Wanaotafuta wahenga waliokufa katika Vita vya Kwanza wana kazi ngumu zaidi. Sanamu za askari na wapagazi zilizopo Kenyatta Avenue, katikati ya Nairobi, ziliwekwa kwa heshima ya maelfu, ila hazina jina la hata mtu mmoja. Mwaka 2021 Tume hiyo ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Iliomba radhi.

Jamaa za Leakey nao walionja uchungu mwingine. Oktoba 1954, wakati wa Hali ya Hatari, wapiganaji wa Mau Mau walivamia nyumba ya Gray Leakey, wakamuua mkewe wa pili, Mary, na kumchukua mzee huyo hadi msituni, ambako naye aliuawa. Miaka baadaye Agnes alikutana na mmoja wa watu waliohusika na uamuzi wa kumuua baba yake, wakapatana.

Nyeri hiyo hiyo ndiyo iliyomzaa Dedan Kimathi, aliyenyongwa na serikali ya kikoloni Februari 18, 1957 na kuzikwa katika gereza la Kamiti mahali pasipowekwa alama. Mjane wake, Mukami Kimathi, alidai mabaki ya mumewe kwa miongo kadhaa ili amzike kwa heshima. Alifariki dunia mwaka 2023 bila kuyapata.

Kifo cha baba wa Leakey na cha Kimathi vilitoka pande mbili za vita moja vilivyoigawa Nyeri. Hata hivyo, waliobaki katika nyumba hizo mbili walijua jambo moja, kwamba msiba usio na kaburi hauna matanga ya kumaliza.

Mnarani, jina la Leakey limewekwa pamoja na ya askari wa Keya ambao hawakupewa nishani kubwa wala kuandikwa magazetini. Kwa jamaa nyingi zilizoachwa majumbani, maandishi hayo ndiyo barua pekee iliyobaki ya kijana aliyeaga akaenda vitani. Ipo kando ya njia ya Karen, ikisubiri wa kuisoma.