Umar wa pili: Khalifa aliyeanza haki nyumbani kwake

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba wake wote.

Ndugu Waislamu, ni vigumu kuupita mtaa wowote wa mwambao wetu bila kukutana na mtu mwenye jina la Umar. Wengine twawaita Omari, wengine Omar, na jina ni lile lile moja. Historia nayo haikuwanyima wenye jina hili nafasi yao. Yupo Umar Khayyam wa Nishapur, bingwa wa hisabati na elimu ya nyota, aliyefariki mwaka 1131. Yupo Omar al-Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani wa Libya aliyewapinga wakoloni wa Kitaliano hadi walipomnyonga mwaka 1931, naye ni mzee wa zaidi ya miaka 70. Hapa kwetu Tanzania tulikuwa naye Dk. Omar Ali Juma, Makamu wa Rais, aliyefariki mwaka 2001.

Heshima ya jina hili ina asili yake kwa Amirul Muuminina Umar bin al-Khattab (R.A.), Khalifa wa pili baada ya Mtume (S.A.W.). Habari zake tumezisikia tangu utotoni. Katika makala yetu ya leo tumekusudia kumzungumzia Umar mwingine, ambaye wanazuoni wengi humtaja kando ya yule wa kwanza, naye ni Umar bin Abdul Aziz. Alitawala muda usiofika miaka mitatu, na karne kumi na tatu zimepita bila ya sifa yake kufifia. Tutazame ni kitu gani kilichomfikisha hapo.

Nasaba yake

Umar bin Abdul Aziz alizaliwa katika miaka ya mwanzo ya sitini Hijria, yaani baada kidogo ya mwaka 680 Miladia. Baba yake, Abdul Aziz bin Marwan, alikuwa wa ukoo wa Bani Umayya na aliitawala Misri kwa takriban miaka 20. Mama yake, Ummu Asim, alikuwa binti wa Asim, mtoto wa Sayyidna Umar bin al-Khattab. Kwa hiyo Umar wetu huyu alikuwa kitukuu wa yule wa kwanza kwa upande wa mama.

Wapokezi wa historia wamehifadhi kisa mashuhuri juu ya nasaba hiyo. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar alikuwa akizunguka usiku katika vichochoro vya Madina kuangalia hali za raia zake. Akamsikia mwanamke akimtaka binti yake achanganye maziwa na maji kabla ya kuyapeleka sokoni. Binti akakataa, akamkumbusha mama yake kwamba Khalifa amelikataza jambo hilo. Mama akamwambia kwamba Khalifa hayupo pale wala hawaoni. Binti akajibu kuwa ikiwa Khalifa hawaoni, basi Mola wa Khalifa anawaona. Sayyidna Umar aliitia alama nyumba ile, na baadaye akamwoza binti huyo kwa mwanawe Asim. Katika ndoa hiyo akapatikana Ummu Asim, na kwa Ummu Asim akapatikana Khalifa tunayemzungumzia.

Tazama, ndugu msomaji: ukoo huu ulianza kwa msichana maskini aliyekataa kumpunja mnunuzi wa maziwa, wakati ambapo hakuna jicho la mwanadamu lililokuwa likimwona.

Ujana wa neema

Lakini damu njema peke yake haimtengenezi mtu. Umar alikulia katika neema nyingi. Alipenda mavazi ya thamani na manukato, na watu wa Madina waliujua mwendo wake wa maringo. Baba yake alimpeleka Madina akasome kwa wanazuoni wakubwa, na akamweka chini ya ulezi wa Salih bin Kaysan. Inasimuliwa kwamba siku moja kijana alichelewa Swala kwa kuwa mtumishi alikuwa akimchana nywele. Mwalimu akamwandikia baba habari hizo, na baba akatuma mtu kutoka Misri kuja kumnyoa kichwa chote.

Baada ya kufariki baba yake, ami yake Khalifa Abdul Malik bin Marwan alimwoza binti yake Fatima. Bibi huyo alikuwa binti wa Khalifa, na ndugu zake wanne walikuja kuwa makhalifa kila mmoja kwa wakati wake. Nyumba ya Umar basi ilikuwa katikati kabisa ya utawala wa Bani Umayya, na mali ya utawala huo ilimiminika ndani yake.

Liwali wa Madina

Mwaka 87 Hijria (706), Khalifa al-Walid alimfanya Umar kuwa liwali wa Madina. Jambo la kwanza alilolifanya ni kuwakusanya wanazuoni kumi wa mji huo, miongoni mwao Urwa bin Zubeir, al-Qasim bin Muhammad na Salim bin Abdullah bin Umar. Akawataka wamshauri katika kila jambo na wamfikishie habari za kila mtumishi wake atakayemdhulumu mtu. Kwa amri ya Khalifa, yeye ndiye aliyesimamia kujengwa upya na kupanuliwa kwa Msikiti wa Mtume (S.A.W.), kazi iliyoviingiza ndani ya msikiti vyumba vya wake wa Mtume.

Katika kazi hiyo ya uliwali lilitokea jambo ambalo halikumtoka moyoni maisha yake yote. Mwaka 93 Hijria, al-Walid alimwamuru amchape viboko Khubayb, mtoto wa Abdullah bin Zubeir, kwa maneno yaliyowachukiza watawala. Umar alitii. Khubayb alichapwa, akamwagiwa maji baridi katika siku za kipupwe, akafariki. Amri ilikuwa ya mkubwa wake, lakini Umar hakujificha nyuma ya amri hiyo. Imepokewa kwamba hata baadaye, watu walipomsifu kwa mema yake na kumpa bishara ya Pepo, yeye alimtaja Khubayb na kuuliza atakwepaje hesabu ya mtu yule.

Mwaka huo huo aliondolewa katika uliwali. Watu waliokimbia ukali wa al-Hajjaj kule Iraq walikuwa wakipata hifadhi Madina, na al-Hajjaj alimshtakia kwa Khalifa mpaka akafanikiwa.

Barua iliyofungwa

Mwaka 99 Hijria (717), Khalifa Sulayman bin Abdul Malik aliugua akiwa kambini Dabiq, kaskazini mwa Sham. Mshauri wake, mwanazuoni Rajaa bin Haywa, alimwelekeza amteue Umar. Sulayman aliogopa kwamba ndugu zake hawatakubali, hivyo akaandika kuwa baada ya Umar atafuata Yazid bin Abdul Malik. Barua ikafungwa na kutiwa muhuri, na watu wa ukoo wakatakiwa kumpa ahadi ya utii mtu aliyetajwa ndani yake bila ya kumjua.

Sulayman alipofariki, Rajaa aliifungua barua mbele ya watu msikitini. Wapo waliotarajia kusikia majina yao, na Hisham bin Abdul Malik hakuificha ghadhabu yake. Umar mwenyewe alipatwa na majonzi kama mtu aliyefikwa na msiba. Alisimama mbele ya watu na kuwaeleza kuwa ametwishwa jambo hili bila ya kutakwa shauri lake wala shauri la Waislamu, na kwamba anawavua ahadi waliyoitoa ili wajichagulie wamtakaye. Watu wakapaza sauti kuwa wamemridhia.

Aliletewa farasi wa kifalme waliopambwa, akawakataa na kumpanda nyumbu wake mwenyewe. Akaamuru farasi wale wauzwe na thamani yao iingizwe katika Baitul Mali.

Alianza na nyumba yake

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Umar alijua kwamba mali nyingi iliyokuwa mikononi mwa Bani Umayya ilipatikana bila ya haki. Angeweza kuanza na watumishi wadogo wa mikoani, kama wafanyavyo watawala wengi. Yeye alianza na mashamba yake mwenyewe aliyopewa na makhalifa waliotangulia, akayarudisha. Fadak, ardhi ya Mtume (S.A.W.) ambayo ilikuwa imefika mikononi mwake, akairejesha katika matumizi yake ya awali.

Kisha akamgeukia mkewe. Bibi Fatima alikuwa na vito vya thamani kubwa alivyopewa na baba yake. Umar alimtaka achague mawili: ama avirudishe Baitul Mali, ama waachane, kwani hakuridhia kukaa na vito hivyo chini ya paa moja. Fatima alimchagua mumewe. Baada ya Umar kufariki, Yazid alitaka kumrudishia dada yake vito vile, naye akakataa, kwani hakuwa tayari kumtii mumewe akiwa hai na kumwasi akiwa maiti.

Baada ya hapo ndipo alipowageukia jamaa zake. Walinung'unika sana, wakamtuma shangazi yake aje kumlainisha, lakini hakubadilika. Mwanawe Abdul Malik, kijana mchamungu aliyefariki kabla yake, alikuwa akimhimiza asicheleweshe kurudisha haki za watu hata kwa siku moja. Na sote tumekisikia kisa cha taa: akifanya kazi ya umma aliwasha taa iliyotiwa mafuta ya Baitul Mali, na mazungumzo yakigeukia mambo yake binafsi aliizima na kuwasha yake.

Haki kwa wote

Baada ya nyumba yake kunyooka, neno lake lilipata uzito mikoani. Magavana walikuwa wakiendelea kuwatoza jizya watu waliokwisha kusilimu, kwa kuchelea hazina kupungua. Umar aliikataza dhuluma hiyo, na kuwakumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alitumwa kuwa mlinganiaji, hakutumwa kuwa mtoza kodi. Jeshi lililouzingira mji wa Constantinople na kuteseka kwa njaa na baridi alilirudisha nyumbani, akawapelekea askari chakula na wanyama wa kupanda.

Aliogopa pia kupotea kwa elimu kwa kufariki wanazuoni. Akamwandikia Abu Bakr bin Hazm kule Madina azikusanye na kuziandika Hadithi za Mtume (S.A.W.), na Imam Ibn Shihab az-Zuhri akawa miongoni mwa waliotangulia katika kazi hiyo. Kila anayefungua leo kitabu cha Hadithi ana deni kwa amri ile.

Lipo na jambo jingine tunalolisikia kila wiki, na pengine wengi wetu hatujui limetoka wapi. Kwa miongo mingi kulikuwa na desturi mbaya ya kumtukana Sayyidna Ali (R.A.) juu ya mimbari. Umar aliifuta, na mahali pake akaamuru isomwe Aya ya 90 ya Suratun Nahl, Aya inayoamrisha uadilifu, ihsani na kuwapa jamaa, na kukataza machafu, maovu na dhuluma. Makhatibu wengi duniani wangali wakihitimisha khutba ya Ijumaa kwa Aya hiyo.

Mwisho wake

Umar alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (720) katika Dayr Siman, nchini Syria, akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Imepokewa kwamba alitiliwa sumu na mtumishi aliyehongwa dinari 1,000. Umar alimtaka azilete fedha hizo, akaziingiza Baitul Mali, kisha akamwacha mtu yule aende zake.

Yazid aliyemfuata hakuidumisha njia hiyo, na mengi aliyoyatengeneza yalirudi yalivyokuwa. Ukoo ule haukuona kuwa haki ilikuwa ndiyo kinga yake. Mwaka 132 Hijria (750) Bani Abbas waliuangusha, wakayafukua makaburi ya makhalifa wake kwa chuki, lakini kaburi la Umar wakaliacha kwa heshima. Inasikitisha kwamba katika vita vya Syria, mwaka 2020, kaburi hilo lililoheshimiwa hata na maadui wa ukoo wake lilivunjiwa heshima.

Ndugu Waislamu, tunawapa watoto wetu majina haya kwa mapenzi, nalo ni jambo jema. Lakini Umar bin Abdul Aziz alikuwa na jina, nasaba na neema tangu alipozaliwa, na hayo hayakumzuia kuibeba damu ya Khubayb. Alilistahiki jina la babu yake siku aliyokubali kuulizwa kabla ya kuuliza wengine, na kutoa kilichokuwa ndani ya sanduku la mkewe kabla ya kugusa cha jirani. Kila mwenye dhamana miongoni mwetu, awe kiongozi wa nchi, mweka hazina wa msikiti au baba wa nyumba, anaweza kuanzia hapo hapo. Na tukiisikia leo Aya ile juu ya mimbari, tumkumbuke aliyeiweka, na tujipime nayo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Umar bin Abdul Aziz, na atujaalie uadilifu katika majumba yetu na katika dhamana zetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.