Carl Jung, daktari aliyechora hasira yake

Msikilizaji, Carl Jung (1875–1961), daktari wa akili wa Uswisi, mwanzoni alitumia hipnosisi, yaani kumtuliza mgonjwa kwa maneno mpaka awe kama amesinzia. Mama wa miaka 58, mguu umepooza miaka 17, alisinzia hata Jung hajaanza. Alipozinduka akatupa magongo! Wanafunzi walishangaa, lakini Jung mwenyewe hakujua kilichomponya. Baadaye akaiacha njia hiyo.

Mwaka 1918 alikuwa akichora duara kila asubuhi daftarini, aone moyo wake umeamkaje. Siku barua ilipomuudhi, duara la kesho yake lilitoka limepasuka ubavuni.

Mwaka 1925 alifika Mlima Elgon, Kenya, akauliza habari za ndoto. Mganga mzee akamjibu kwa huzuni kwamba tangu Wazungu waje, hawaoti tena.